Kikulacho Ki Tumboni Mwako

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sina ubishi nao, maana walitutangulia na waliona mengi. Lakini kama wangekuwa hai leo ningewaomba ruhusa niongeze neno moja tu: kikulacho chaweza kuwa tumboni mwako pia, nawe usikijue, na walio karibu nawe wakakucheka badala ya kukusaidia. Mimi ni mmoja wa wale waliocheka. Ndiyo maana nimeishika kalamu hii.

Mlezi wa chama chetu alipotuambia kila mwanachama aandike habari ya kweli kwa ajili ya jarida la mwaka huu, wenzangu walikimbilia safari za kwenda mbugani na mashindano ya michezo ya kuigiza. Mimi niliketi siku tatu nikiitafuna kalamu. La kuandika nilikuwa nalo, ila niliona haya. Siku ya nne nikajiambia, liwe liwalo. Mficha maradhi kilio humfichua.

Hamisi alikuja kwetu Januari mwaka wa 2024, mwezi ule ule nilioanza Kidato cha Kwanza. Sisi twakaa Likoni, Mombasa. Yeye ni mtoto wa ami yangu, na alitoka kijijini kwetu huko Kwale, upande wa Msambweni, mahali penye minazi na mikorosho tele, na mchanga laini ambao ukiukanyaga asubuhi wenye umande utadhani umekanyaga zulia. (Hamisi si jina lake. Jina lake nimelificha, lakini habari hii ameisoma akanipa ruhusa.) Ami alimleta mjini kwa kuwa, ati, shule za mjini zina masomo kuliko za mashambani. Aliandikishwa Gredi ya Tano katika shule iliyo karibu na kwetu. Alikuwa na miaka 11, lakini ungemwona ungemkisia 8.

Tangu siku ya kwanza nilimwona mtoto wa ajabu. Akitumwa dukani atarudi baada ya saa nzima. Akibeba mtungi wa maji wa lita kumi atautua mara tatu kabla ya kufika mlangoni, na kila akiutua anahema kama aliyepanda mlima. Akifungua kitabu, usingizi. Akiketi mbele ya sahani, usingizi. Wenzake walipokuwa wakipiga mpira wa makaratasi nje, yeye aliegemea ukuta akawatazama. Baba alisema, "Huyu mtoto ni mvivu. Mjomba wake alikuwa hivi hivi." Mama hakusema kitu, alimwongezea chakula tu. Nami nilimpa jina: Kobe.

Siku moja nilimfumania nyuma ya jikoni, pale ukuta wa zamani wa udongo unapomomonyoka. Alikuwa akiukwangua kwa kucha na kutia kinywani.

"We Hamisi! Wala nini?"

"Sili kitu, dada."

"Na huo udongo mdomoni?"

Aliufuta mdomo kwa mkono wa shati, akainama. Jamani, mtu mwenye akili angeuliza mtoto ana nini hata atamani udongo. Lakini mimi sikuuliza. Mimi, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, niliyesifiwa na walimu tangu shule ya msingi kwa utunzi wa mashairi, nilikwenda kutunga wimbo. Beti mbili, mizani sawa, vina vya kati na vya mwisho. Ulimsema mla ukuta ambaye nyumba ya watu itamwangukia. Sitaurudia hapa. Niliwaimbia watoto wa mtaani jioni moja, wakaangua kicheko, na kufikia Ijumaa ulikuwa umefika shuleni kwake. Ulimi hauna mfupa, na siku ile wangu ulikuwa na sumu.

Hamisi hakulalamika. Alikuwa akipita akiimbiwa, anatabasamu kidogo, anakwenda zake polepole.

Alipougua homa tulimpeleka katika zahanati moja pale mtaani. Walimtazama ulimi wakasema ni malaria, wakampa dawa. Damu hawakumpima. Baada ya wiki tatu tulirudi, wakasema ni malaria tena. Baba alilipa mara mbili.

Mwezi wa Machi ukafika na Ramadhani ikaingia. Hamisi alitaka kufunga kama wakubwa, akaruhusiwa ajaribu nusu siku. Siku ya tatu, akiwa kwenye foleni ya bendera asubuhi, alianguka kama gunia. Mwalimu wa zamu alimleta nyumbani kwa bodaboda. Kila mtu akasema, "Ni saumu hiyo, mpeni maji." Saumu gani, naye daku alikuwa amekula?

Kwa bahati Nyanya alikuwa amekuja siku ile kutoka Kwale. Alimketisha Hamisi mlangoni penye mwangaza, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama. Akamfungua kiganja, akatazama. Kisha akatugeukia sisi sote, tuliosoma na tusiosoma.

"Huyu ana safura," akasema. "Nyie watu wa mjini mna macho ya nini? Mtoto hana damu, mweupe kama karatasi, nanyi mwamwita mvivu!"

Nilijisogeza nikatazama lile kope. Kwangu mimi kope la ndani ni jekundu. La Hamisi lilikuwa jeupe kama nyama ya dafu.

Tulimvusha kwenye feri, Baba akiwa amembeba mgongoni katikati ya msongamano wa watu na mikokoteni, nami nyuma nikishika viatu vyake. Katika hospitali ya serikali tuliyompeleka walimpima damu kwanza. Daktari alisema kiwango cha mtoto wa umri ule hakipaswi kupungua 11 na ushei. Cha Hamisi kilikuwa 4. Moyo wake, akasema, ulikuwa ukienda mbio hata akiwa amelala, kwa kuwa ulikuwa ukizungusha damu iliyo nyepesi kama maji. Angechelewa siku chache moyo ungeshindwa.

Walimtia damu usiku ule. Ilikuwa ya akiba, na jamaa wakatakiwa kurudisha. Nilinyoosha mkono wa kwanza. Muuguzi akaniuliza miaka yangu, nikamwambia 14. Akatikisa kichwa. "Mpaka ufike 16, binti yangu." Baba alikuwa amefunga, akaambiwa asubiri afuturu. Magharibi alikunywa uji akala tende, akarudi kutoa. Ami alipofika kutoka Kwale naye alitoa. Mimi niliyekuwa na deni kubwa kuliko wote sikuwa na cha kutoa. Niliketi kwenye benchi nikilia, machozi njia mbili mbili, na kila nikifumba macho niliusikia ule wimbo wangu na vina vyake.

Kesho yake choo cha Hamisi kilipimwa. Fundi wa maabara alikuwa mzee mmoja mcheshi. Aliponiona nimevaa sare ya shule akaniita, "Njoo, mwanangu, umwone adui yako. Haraka lakini, maana kipande hiki kikikaa saa nzima mayai haya hupotea machoni." Nikachungulia katika darubini. Niliona mviringo mdogo, mrefu kidogo kama yai la njiwa, ganda lake jembamba kama kioo, na ndani yake vijipande vinne vya mviringo vimesongamana. Kusema kweli lilikuwa zuri. Yai la mnyoo wa safura.

"Ni wa aina gani?" nikauliza, nikijitia mjuzi.

Mzee akacheka. "Hapo umeniweza. Ziko aina mbili kubwa zinazokaa katika matumbo ya watu, na mayai yao hayatofautiani hata kidogo. Darubini haisemi."

Basi jambo hilo lilinikaa rohoni. Hamisi alimeza kidonge kimoja cha albendazo cha miligramu 400, na minyoo ikatoka. Alipewa pia vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu, ambavyo vilimfanya choo kiwe cheusi akaogopa kwamba anakufa, hadi muuguzi alipomweleza. Lakini mimi nilitaka kumjua aliyemla ndugu yangu. Nilimwendea mwalimu wetu wa Baiolojia, naye akanipa vitabu na kunielekeza. Haya nitakayoyaeleza ndiyo niliyoyapata, na nawaomba msikimbie kurasa, maana yanatuhusu sote.

Aina ya kwanza huitwa Necator americanus. Ya pili ni Ancylostoma duodenale. Majina haya ukiyatamka haraka mbele ya mtu atadhani umemtukana, kwa hiyo mimi nitayaita Nekatori na Ankilostoma. Mnyoo mmoja hauzidi urefu wa kama sentimita moja na kidogo, na unene wake ni kama wa uzi wa kushonea. Hukaa katika utumbo mwembamba, umeuma ukuta wake na kunyonya damu. Nekatori ana vibapa viwili vikali kama wembe. Ankilostoma ana meno hasa.

Tofauti yao si ya meno tu. Inakadiriwa kwamba Nekatori mmoja humpotezea mtu kama mililita 0.03 za damu kwa siku. Ankilostoma mmoja hupoteza kama 0.15 au zaidi, yaani mara tano. Waweza kusema, ah, tone tu. Haya, chukua kalamu tupige hesabu. Mtoto mwenye Nekatori 100 hupoteza mililita 3 kwa siku, ambazo ni zaidi ya nusu ya kijiko cha chai. Kwa mwezi ni mililita 90. Mwenye Ankilostoma 100 hupoteza mililita 15, kijiko kizima cha mezani kila siku ya Mungu, na kwa mwezi ni mililita 450. Hiyo ni chupa ya soda ndogo moja na nusu. Nani kati yetu angemwaga chupa moja na nusu ya damu kila mwezi kisha abebe mtungi wa maji bila kuutua?

Jambo hili si hesabu ya daftarini tu. Kisiwani Pemba, majirani zetu wa baharini, watafiti waliwapima wanafunzi wa shule kwa makini. Kwa kuwa mayai hayasemi, walifanya subira: choo kidogo hupakwa kwenye karatasi ya kuchujia, karatasi husimamishwa katika mrija wenye maji kidogo, na baada ya siku kadhaa mayai huanguliwa na viluwiluwi hushuka majini. Viluwiluwi ndivyo vyenye maumbo tofauti. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1998. Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa na Nekatori peke yake, kama 6 katika kila 10 walipungukiwa na damu. Miongoni mwa waliokuwa na Ankilostoma, walikuwa 8 katika kila 10. Siku hizi kuna njia ya vinasaba inayotambua aina kwa haraka zaidi, lakini haimo katika kila maabara. Katika Afrika kusini ya Sahara aliyeenea zaidi ni Nekatori, na yule mwenye meno hupatikana hapa na pale. Kwa mgonjwa mmoja kama Hamisi dawa ni ile ile. Kwa wanaotaka kujua ni shule gani yenye hatari kubwa zaidi, aina ni jambo kubwa.

Sasa mnyoo huingiaje? Hapa ndipo nilipopigwa na bumbuwazi. Mimi nilidhani Hamisi aliipata kwa kula ule udongo. Kumbe mambo yalikuwa kinyume: alikuwa akila udongo kwa kuwa hana damu. Mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma hutamani vitu visivyoliwa: udongo, mkaa, barafu. Minyoo yenyewe iliingia kwa nyayo. Mtu hujisaidia msituni, mayai huanguka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na baada ya kama wiki moja viluwiluwi huwa tayari. Husubiri mguu mtupu. Hupenya ngozi, huingia katika damu, hupita moyoni na mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na kufika utumboni. Ankilostoma anaweza pia kuingia kwa kinywa, katika mboga au mikono michafu.

Aliyegundua njia hii ya ngozi alikuwa Mjerumani mmoja, Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, Misri. Alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi kwa bahati mbaya. Mkono ukamwasha, ukawa mwekundu, na baada ya wiki kadhaa akaona mayai katika choo chake mwenyewe. Alitangaza jambo hilo mwaka wa 1898. Wengi hawakumsadiki mara moja.

Na huko Marekani, mwaka wa 1902, mtaalamu aliyeitwa Charles Stiles ndiye aliyeueleza mnyoo wa Nekatori, ambao jina lake maana yake ni muuaji wa Kiamerika. Aliwaambia watu kwamba maskini wengi wa majimbo ya kusini, waliokuwa wakichekwa kwa uzembe, hawakuwa wazembe bali walikuwa na safura. Magazeti yakadakia na kusema kwamba kimepatikana kijidudu cha uvivu. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu. Nilimkumbuka Baba akisema "huyu mvivu", nikajikumbuka mimi na yule Kobe wangu. Zaidi ya miaka mia moja imepita na watu bado tunasema yale yale.

Sasa nije kwenu, wanafunzi wenzangu wa mjini, maana najua kuna anayesema, "Mimi sijawahi kukaa shamba, hayanihusu." Una haki nusu. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, watoto walipimwa na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2014. Kama watoto 4 katika kila 10 walikuwa na minyoo. Lakini karibu yote ilikuwa minyoo ya duara, yaani ule mchango wetu wa kawaida, pamoja na minyoo ya mjeledi. Safura ilikuwa nadra sana, mtoto mmoja mmoja tu. Sababu si ngumu kuiona. Kiluwiluwi cha safura kinataka mchanga laini, unyevu, kivuli na mguu mtupu. Mjini kuna saruji, lami, vumbi lililokanyagwa likawa gumu, na watu wengi huvaa angalau ndara. Mayai ya mchango ni sugu, hayahitaji nyayo, husafiri kwa vidole, maji machafu na chakula kisichooshwa. Kwa hiyo mji hautuondolei minyoo, hutubadilishia aina tu.

Nusu ya pili ndiyo iliyomwangusha Hamisi. Mji hauna ukuta. Kila Agosti na Desemba twapanda matatu kwenda kwa nyanya zetu, twavua viatu, twacheza chini ya mikorosho. Nekatori akishaingia anaweza kuishi miaka mitatu na zaidi. Hivyo mtoto huja mjini na mzigo wake tumboni, na mjini hakuna anayewaza safura. Wale wa zahanati waliwaza malaria. Baba aliwaza uvivu. Nyanya peke yake, ambaye hajui kusoma, alijua ugonjwa kwa jina.

Tena wapo wa paka na mbwa. Wale wanaotembea miguu mitupu ufukoni wanapopita paka na mbwa huweza kupata mstari mwekundu unaotambaa chini ya ngozi na kuwasha usiku kucha. Hao ni viluwiluwi vya minyoo ya wanyama vilivyopotea njia. Wengi wao hawafiki utumboni mwa binadamu, ingawa huko Asia iko aina moja ya paka na mbwa inayokomaa ndani ya watu.

Serikali yetu ilianza kugawa dawa za minyoo shuleni kwa upana mwaka wa 2009, na mpango ukapanuliwa mwaka wa 2012 katika sehemu zilizoathirika zaidi, Pwani na Magharibi zikiwemo. Nilimuuliza Hamisi kama kwao vidonge viligawiwa. Akacheka kwa aibu. "Viligawiwa, dada. Mimi nilikimbilia juu ya mwembe. Walisema ukivimeza unazimia." Maskini, alikikimbia kidonge kisimzimishe, akaja kuzimia mbele ya bendera!

Na je, vina faida kweli? Huko Busia, kuanzia mwaka wa 1998, watafiti walifuatilia shule za msingi 75, wakaona kwamba palipotolewa dawa utoro ulipungua kwa kama robo. Mmoja wao, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019. Wataalamu wamebishana sana juu ya ukubwa wa faida hiyo. Lakini mimi siwezi kubishana na nilichokiona kwa macho yangu. Na huko kwetu Kwale, kati ya miaka ya 2015 na 2017, ulifanyika utafiti mkubwa wa safura. Palipotibiwa watoto peke yao, wenye safura walipungua kutoka kama 19 katika kila 100 hadi kama 14. Palipotibiwa kijiji kizima, wazee kwa vijana, mara mbili kwa mwaka, walipungua kutoka kama 21 hadi 6. Hapo nikaelewa kwamba kumtibu mtoto na kumwacha babu na shamba lake ni kufagia sakafu huku mlango u wazi na upepo wavuma.

Turudi kwa Hamisi. Alitoka hospitalini baada ya siku sita. Mama alibadilisha mapishi: kunde, mchicha, maini mara moja kwa wiki, na embe au chungwa baada ya chakula kwa kuwa husaidia mwili kuyashika madini ya chuma. Chai, ambayo sisi tuliinywa pamoja na kila kitu, ikasogezwa mbali na mlo kwa kuwa huyazuia. Nyumbani hakuna tena anayevuka kizingiti miguu mitupu. Baba mwenyewe alimnunulia Hamisi viatu, akavichagua kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuchagua vyangu. Hakusema samahani. Wazee wetu wana namna yao ya kuomba radhi.

Mimi ilinilazimu kusema. Nilichagua jioni moja, tulipokuwa tumeketi kwenye baraza tukila viazi karai. Nikameza mate.

"Hamisi, ule wimbo niliutunga mimi."

"Najua, dada."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nani mwingine hapa mtaani ajuaye vina vya kati?" Akachovya kiazi chake katika ukwaju, akala. "Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri. Ila sikujua kwa nini naimbiwa mimi."

Enyi wasomaji, nimewahi kuchapwa na Mama, nimewahi kuanguka mtihani wa Hisabati, lakini sijapata kuumia kama nilivyoumia kwa maneno yale. Nilimwomba msamaha nikilia. Akasema, "Basi, dada, yaishe. Nitungie mwingine. Wa minyoo. Nitawaimbia wale wadogo shuleni wasipande mwembe."

Sasa Hamisi yuko Gredi ya Saba. Amerefuka hata amenipita, na katika mbio za mita 1500 hakuna wa kumshika pale shuleni kwao. Mtungi wa maji anaubeba begani, tena anakuja akipiga mluzi. Akienda Kwale likizo, viatu havimtoki mguuni, na kidonge kikigawiwa huwa wa kwanza kwenye foleni. Ule ukuta wa nyuma ya jikoni bado upo na alama za kucha zake. Baba alitaka kuupiga lipu, nikamwomba auache kidogo.

Wenzangu, sikuandika haya ili mnihurumie. Darasani mwetu yuko anayelala kila kipindi. Yuko anayehema akipanda ngazi. Yuko atafunaye mawe ya odowa mkobani akidhani hatumwoni. Kabla ya kumbandika jina, mwambie, "Twende kwa matroni akutazame kope." Osheni mikono, vaeni viatu, tumieni choo, mezeni dawa inapokuja. Nanyi walimu wetu wapendwa, kwa heshima na taadhima, mtoto anayesinzia huenda hahitaji adhabu.

Ule wimbo wa minyoo nimeujaribu mara nyingi. Vina havitaki kukaa. Naona aibu ilinifunga ulimi, na labda ni haki yangu. Kwa sasa Hamisi ataniwia radhi akubali insha hii, mpaka siku shairi litakapokuja.